Mgonjwa wa akili nyumbani: hospitali, mganga, dua au mazungumzo?

Mtu akivunjika mguu, familia haigombani. Akianza kuongea peke yake, kukaa gizani mchana kutwa au kuwatuhumu ndugu zake kwamba wanamtilia sumu, kikao kinaitwa, na kabla chai haijapoa kila mmoja keshapata jibu. Shangazi anasema ni majini. Kaka anasema ni bangi. Mama anamjua hasa aliyemtazama kwa kijicho siku ya harusi. Yupo anayetaka apelekwe hospitali leo hii, na yupo anayeapa kwamba ukimdunga sindano mwenye pepo umemuua.

Ulinganisho huu ni wa waliokwama kwenye kikao hicho. Nimeweka njia nne ambazo familia za Afrika Mashariki huzitumia kweli, na mara nyingi huzitumia zote: hospitali, mganga wa tiba asili, dua au maombi, na mazungumzo ya kusaidiana. Ushauri wangu wa kwanza utawakera baadhi ya watu. Acheni kwanza kubishana ugonjwa umetoka wapi. Swali la chanzo linaweza kusubiri mwezi mzima. Swali la mgonjwa yuko katika hali gani leo halisubiri.

Mila zina kazi gani kwenye ugonjwa wa akili

Wapo wanaodhani mila ni kizuizi tu, ukiondoa ushirikina tiba inabaki safi. Ushahidi hausemi hivyo. Mwaka 2014 mwanaanthropolojia wa Marekani Tanya Luhrmann na wenzake walichapisha mahojiano yao na watu 60 wenye ugonjwa mkali wa akili wanaosikia sauti: 20 wa San Mateo katika jimbo la California, 20 wa Accra, 20 wa Chennai. Wale wa California walizieleza sauti zao kama uvamizi, zimejaa vitisho na umwagaji damu, na wengi walijitambulisha kwa jina la ugonjwa wao. Accra wengi walisema wanayemsikia zaidi ni Mungu. Chennai zaidi ya nusu waliwasikia ndugu zao, wakikaripia lakini pia wakiwaagiza waoge, wapike, wafanye kazi za nyumbani. Ugonjwa ni mmoja, ila mtu anaishi nao kwa namna aliyofundishwa na watu wake.

Kabla ya hapo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili wa kusikia sauti na kushikwa na tuhuma, katika nchi tisa, Nigeria, India na Kolombia zikiwemo. Kilichowashangaza wengi ni kwamba wagonjwa wa nchi maskini, kwa jumla, walionekana kupata nafuu zaidi kuliko wa nchi tajiri. Wataalamu wangali wanavutana juu ya namna ya kuyasoma matokeo yale. Mvutano huo si kisingizio cha kumweka mtu nyumbani bila tiba. Unatukumbusha tu kwamba ukoo, kazi anayoweza kuirudia mgonjwa na maelezo yasiyomwondolea utu wake ni sehemu ya kupona.

Vigezo

Kila njia nitaipima kwa mambo haya. Inaweza nini hasa? Inashindwa nini, na hatari yake iko wapi? Inagharimu kiasi gani ukihesabu nauli, siku za kazi na chakula cha wageni? Watu watamtazamaje mgonjwa wako baadaye, akitaka kuoa, kuolewa au kurudi kazini? Na mwisho, inamfaa nani?

Kuna kigezo kimoja kinachokaa juu ya vyote hivyo. Mtu anayetaka kujiua au kuua, asiyekula wala kunywa, mwenye homa, aliyepata degedege au kifafa, au aliyebadilika ghafla ndani ya saa au siku chache, huyo hana njia nne. Anaanzia hospitali, na mengine yanafuata.

Hospitali

Inaweza nini. Kitu ambacho hospitali inacho na wengine wote hawana ni maabara. Malaria iliyopanda kichwani, sukari iliyoshuka, homa ya uti wa mgongo, VVU, kaswende ya siku nyingi, tezi ya shingo: yote hayo yanaweza kumfanya mtu aongee ovyo, na hakuna ramli wala maono yatakayoyatofautisha. Kwa mzee aliyekuwa mzima wiki iliyopita kisha akaanza kuwasahau wanawe usiku, huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, au dawa alizochanganya. Mtu wa namna hii anaweza kurudia hali yake ndani ya siku chache, ilhali ukoo ulishaanza kutafuta nani amemroga.

Jambo la pili ni kutuliza. Mtu asiyelala siku kadhaa, anayepiga watu au kutembea uchi barabarani, anahitaji usingizi kabla ya kuhitaji maelezo. Haloperidol na chlorpromazine, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Largactil, ni dawa za miaka mingi na zinapatikana. Kwa wengi, sauti na tuhuma hupungua ndani ya wiki chache. Anayesumbuana na ndugu kila siku juu ya vidonge anaweza kupewa sindano ya mwezi, na nyumba nyingi zimepata amani kwa sababu ya hiyo tu.

Inashindwa nini. Hospitali haijibu swali la kwa nini yeye, kwa nini mwaka huu, kwa nini baada ya kugawana shamba. Daktari wa akili ni mmoja kwa watu wengi mno, foleni ni ndefu, na ukifika mbele unaulizwa maswali manne na kuandikiwa. Halafu kuna madhara ya dawa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yanayowatoa watu hospitali kuliko imani yoyote: shingo kukakamaa, mikono kutetemeka, mate kutoka, usingizi mzito, na njaa isiyoisha katika nyumba yenye mlo mmoja. Ndugu wakiona hivyo husema dawa zimemharibu, wanaziacha kimyakimya, na mwezi wa pili ugonjwa unarudi. Mengi ya madhara hayo yana ufumbuzi. Dozi inaweza kupunguzwa, dawa inaweza kubadilishwa, na kukakamaa kuna dawa yake. Lakini lazima mseme, kwa sababu usipouliza, mara nyingi huambiwi.

Gharama. Vidonge vya zamani si ghali. Kinachouma ni nauli ya watu wawili kila mwezi, siku ya kibarua iliyopotea, na kuambiwa dirishani kwamba dawa imekwisha, mkanunue nje. Kwenye hospitali za serikali ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii kuhusu msamaha wa malipo kabla ya kukopa. Watu wengi hawajui ofisi hiyo iko mlango gani.

Macho ya watu. Hapa ndipo pagumu. Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi, Butabika ya Kampala, Kidongo Chekundu ya Unguja: majina haya yamekuwa matusi. Kuna sababu ya kihistoria. Mathari ilianza mwaka 1910 kama kambi ya kuwatenga wagonjwa wa ndui, Mirembe ilifunguliwa mwaka 1927, na hospitali za namna hiyo enzi za mkoloni zilikuwa zaidi za kuwafungia watu kuliko kuwatibu. Zimebadilika, sifa yake haijabadilika. Kama jina ndilo linalowazuia, anzieni hospitali ya wilaya au ya mkoa. Nyingi zina kliniki ya akili siku maalumu za wiki, na aliyekaa benchi hana tofauti na aliyekuja kupima presha.

Inamfaa nani. Mwenye dalili kali, anayesikia sauti zinazomwamuru, mama aliyejifungua karibuni akabadilika, mwenye kifafa, mzee, na yeyote ambaye hajawahi kupimwa mwili tangu aanze kuugua.

Mganga wa tiba asili

Kwanza tutenganishe watu. Kuna mganga wa mitishamba, kuna wa ramli, na kuna fundi wa ngoma za pepo. Wengine ni vyote vitatu. Ukisema umeenda kwa mganga hujasema mengi.

Inaweza nini. Inampa mgonjwa muda. Mganga mzuri anakaa na familia nusu siku, anauliza habari za ndoa, mirathi, mimba zilizoharibika, safari. Anaupa ugonjwa jina ambalo bibi na mjukuu wanaelewana nalo, na kila mtu anapewa kazi: huyu alete ubani, yule aombe radhi, wewe umlipe kaka yako deni.

Kwenye ngoma za pepo za mwambao wetu kuna jambo wageni hulikosa. Pepo si lazima afukuzwe. Huko Unguja kwenye ngoma ya kibuki, ambayo mapepo yake husemwa yametoka Bukini, yaani Madagaska, pepo anapandishwa, anaulizwa jina na anachotaka, na anaridhishwa: nguo, pete, kinywaji, heshima. Mwanamke asiyeweza kumwambia mumewe kwamba amechoka kupigwa au kuachwa peke yake, anayasema kwa mdomo wa pepo, na mume anasikiliza mbele ya watu. Baada ya hapo anaingia kwenye kundi la wenzake waliopita njia hiyo hiyo, wanaotembeleana na kuchangiana. Hospitali gani ina kitu hicho?

Mitishamba nayo si maji ya rangi. Mizizi ya mimea ya jamii ya Rauvolfia imetumiwa na waganga wa India na Afrika Magharibi kuwatuliza wenye wazimu tangu zamani, na mwaka 1952 wanakemia waliitoa humo reserpine, ambayo madaktari wa akili waliitumia kote duniani miaka ya 1950. Reserpine ilituliza kweli. Pia ilishusha presha, na wapo walioingia katika huzuni nzito baada ya kuitumia. Basi ukisikia mti fulani unafanya kazi, uamini, na kwa sababu hiyo hiyo uuogope.

Wapo madaktari waliolijua hili mapema. Mwaka 1954 Thomas Adeoye Lambo, daktari wa akili wa Nigeria, alianzisha mpango wa Aro karibu na Abeokuta. Wagonjwa hawakulazwa. Walipanga vyumba katika vijiji vya jirani pamoja na ndugu mmoja, wakaenda hospitali kupata tiba, na waganga wa Kiyoruba walishirikishwa kazini. Dakar, kwenye hospitali ya Fann, Mfaransa Henri Collomb alifanya yanayokaribiana na hayo, ndugu akiruhusiwa kukaa na mgonjwa wodini. Na mwaka 2020 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Nigeria na Ghana la watu 307 wenye ugonjwa mkali waliokuwa wakitibiwa kwa waganga na kwa watu wa dini. Kundi moja liliongezewa wahudumu wa afya waliokuja kwenye vilinge hivyo hivyo kushirikiana na mganga. Baada ya miezi sita kundi hilo lilikuwa na nafuu kubwa kuliko lile lililobaki na mganga peke yake. Hakuna aliyefukuzwa kazi yake pale.

Inashindwa nini. Hana maabara. Wengine hutumia ramli chonganishi, yaani kumtaja aliyeroga, na mara nyingi anayetajwa ni mjane au mke mwenza. Ugonjwa unaweza kuisha, uhasama ukabaki hadi kwa wajukuu. Tanzania ilizipiga marufuku ramli hizo mwaka 2015 katika vita dhidi ya mauaji ya watu wenye ualbino, kwa hiyo si suala la ladha, ni la sheria na la damu. Kuna pia chale za wembe mmoja kwa watu wengi, kufukizwa hadi mtu apalie, kunyimwa chakula, na minyororo. Mwaka 2020 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilieleza kuwa watu wenye matatizo ya akili wanafungwa minyororo katika nchi zipatazo 60, na si kwa waganga tu, majumbani pia.

Gharama. Wanaosema mganga ni rahisi hawajahesabu. Mbuzi, kitambaa, ubani, wapiga ngoma, na mtaa mzima unaokula siku zote za shughuli. Faida yake ni namna ya kulipa: kidogo kidogo, kwa kuku badala ya fedha, au mgonjwa akipona. Mwenye kipato cha msimu anaona hilo ni jambo kubwa, na ana haki.

Macho ya watu. Aliyepandwa na pepo au aliyerogwa ametendewa, hana doa la ukoo. Anaweza kuolewa. Lakini kwa familia ya walokole, au ya Waislamu wanaoiona kazi hiyo ni shirki, kuonekana kilingeni ni aibu kuliko Mirembe.

Inamfaa nani. Mwenye dhiki inayorudi rudi, iliyoshikamana na mambo ya ndani ya ukoo, ambaye amepimwa na mwili wake hauna hatari ya haraka. Kwa Tanzania mganga anapaswa awe amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002. Ombeni kuona cheti. Muulizeni pia kama anamruhusu mgonjwa aendelee na dawa za hospitali, na kama ndugu anaweza kulala pale. Akikataa moja kati ya hayo mawili, kunyweni maji yenu muondoke.

Dua, ruqya na maombi

Inaweza nini. Inampa mgonjwa utulivu na mahali pa kuegemea, bila kumtenga na wenzake. Kusomewa Qurani, yaani ruqya, kunywa kombe lililoandikwa aya kwa zafarani na kuoshwa kwa marashi, kuwekewa mikono, kuombewa na jumuiya nzima: haya yanamwambia mtu kwamba hajatupwa. Shehe au mchungaji hufika nyumbani saa ambazo kliniki imefungwa, na huwa ndiye wa kwanza kuambiwa siri.

Inashindwa nini. Mambo mawili. La kwanza ni lawama: asipopona, anaambiwa imani yake haba au ana dhambi aliyoificha, na mwenye huzuni nzito akiambiwa hivyo anazama zaidi. La pili ni kuacha dawa ili kuonyesha imani. Hata ibada zenyewe zinahitaji tahadhari. Mikesha mfululizo inaweza kumpandisha mtu mwenye ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, kwa sababu kukosa usingizi ni kichocheo chake kikubwa. Anayetumia lithiamu, dawa ya ugonjwa huo, akifunga bila kunywa maji kutwa nzima kwenye joto letu, dawa inaweza kumzidi mwilini ikawa sumu. Amwone daktari kabla ya Ramadhani au kabla ya mfungo wa kanisa.

Ghana kuna fundisho ambalo huwa nalikumbuka sana. Katika kambi ya maombi ya Mount Horeb watafiti waliwapa baadhi ya wagonjwa dawa za akili hapo hapo kambini, maombi yakiendelea. Walioshiriki walikuwa 139, na matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Waliopata dawa dalili zao zilipungua vizuri. Siku walizokaa kwenye minyororo hazikupungua kwa maana. Dawa peke yake haikufungua kufuli, maana kufuli haikufungwa na ugonjwa, ilifungwa na watu na desturi ya mahali.

Gharama. Kwa kawaida hakuna, au sadaka ya hiari. Ukianza kuuziwa mafuta, maji na vitambaa kwa bei inayopanda kila wiki, hapo ni duka.

Macho ya watu. Hakuna njia yenye aibu ndogo kuliko hii.

Inamfaa nani. Karibu kila mtu mwenye dini, kama nyongeza. Kama njia pekee, inamfaa mwenye huzuni, hofu au msiba ambaye bado anakula, analala na kufanya kazi zake, chini ya kiongozi anayejua pa kuishia.

Mazungumzo ya kusaidiana

Njia hii wengi hawaihesabu, kwa sababu haina sindano wala ngoma.

Inaweza nini. Daktari wa akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa aliyejiua; familia yake haikuwa na nauli ya kumleta hospitalini. Mwaka 2006, Mbare mjini Harare, aliwafunza mabibi 14 kuketi kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kuzungumza na wenye kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, na sisi tungesema mtu ana mawazo. Mabibi hawakutumia lugha ya hospitali. Wanamsikiliza mtu, wanamsaidia kuchagua tatizo moja kati ya mengi, wanapanga naye hatua ndogo, anarudi kueleza ilikwendaje. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye watu 573 katika zahanati 24, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na mabibi walikuwa na dalili chache sana kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango umefika Malawi na Zanzibar. Uganda nako, katika vijiji vya Masaka na Rakai, vikundi vya kuzungumzia huzuni vilivyoongozwa na wenyeji waliofunzwa vilijaribiwa mapema, matokeo yakatoka mwaka 2003, na vilipunguza sonona kwa kiasi kikubwa.

Inashindwa nini. Hauwezi kuzungumza na mtu aliyeshikwa na wazimu wa wazi ukamtoa humo. Siri nayo ni tatizo la kweli: bibi wa benchini ni jirani yako, anamjua mkwe wako.

Gharama. Ndogo kuliko zote.

Macho ya watu. Nani atajua unazungumza nini na bibi?

Inamfaa nani. Mwenye deni, ndoa inayovunjika, msiba, aliyepokea majibu ya VVU, kijana aliyekosa kazi akajifungia chumbani. Kama mpango rasmi haupo kwenu, muulizeni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au mtafuteni mtu mzima mmoja anayeweza kusikiliza bila kutoa hotuba. Si rahisi kumpata.

Mkitumia zaidi ya njia moja

Mtatumia, sote tunajua. Basi msifichane. Mwambieni daktari mti gani unanywewa na mwambieni mganga vidonge gani vinamezwa. Dawa ya kunywa isichanganywe na dawa ya kunywa bila daktari kujua. Dua, ubani na ngoma havigombani na kidonge. Na vidonge havikatwi ghafla, hata kama mgonjwa anaonekana amepona kabisa.

Kwa hali yako

Kama anasema hana haja ya kuishi: asiachwe peke yake usiku huu, dawa za shambani na vidonge vitolewe nyumbani, na asubuhi muwe hospitali. Muulizeni wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Kwa walio Kenya, hofu ya polisi imepungua, maana Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu kinachomhukumu aliyejaribu kujiua kinapingana na katiba.

Mzazi aliye ndani ya arobaini, amekosa usingizi hata mtoto akilala, anasema mambo ya ajabu juu ya mtoto: hospitali siku hiyo hiyo. Utaratibu wetu wa arobaini unasaidia sana hapa, kwa kuwa bibi au shangazi yupo chumbani na ndiye atakayeona kwanza. Abaki naye hata wodini, na mtoto asiachwe naye peke yake.

Kama anasikia sauti miaka sasa, lakini ni mtulivu, analima, hamdhuru mtu: kliniki ya karibu ya kila mwezi, na mwacheni aendelee na kusomewa au kanisa lake. Msimshindanishe na sauti zake kila asubuhi. Mpeni kazi anayoiweza.

Kama amechoka, analia, hana hamu ya kula, mambo yameanza baada ya talaka au mtaji kuanguka: anzeni na mazungumzo na kiongozi wa dini mnayemwamini. Wiki zikipita bila mabadiliko, au akianza kuzungumzia kifo, ongezeni daktari.

Kama amekwisha tulia kwa dawa, lakini mama mzazi hatapata usingizi mpaka ngoma ichezwe: ichezwe, kwa mganga aliyesajiliwa, vidonge vikiwa mfukoni mwa ndugu anayejua saa zake, na kwa sharti kwamba hakuna jina la mtu litakalotajwa.

Na kama wewe uko Muscat, Minneapolis au London, ndiye unayetuma pesa, basi una sauti kubwa kikaoni na macho madogo nyumbani. Unamwona mgonjwa kwenye simu dakika tano, siku aliyovalishwa vizuri. Usiamue kwa hasira kwamba hutatoa senti kwa waganga, wala usitume fungu kubwa mara moja kwa hospitali binafsi kisha ukanyamaza mwaka. Tuma nauli ya kliniki kila mwezi kwa yule anayelala nyumba moja na mgonjwa, moja kwa moja kwenye simu yake, na umwachie yeye na mgonjwa waamue kama za ubani zitatoka humo.